Mombasa na Malindi katika Utenzi wa Wareno

Katika mwaka 1572 kilipigwa chapa mjini Lisbon kitabu cha Luís de Camões kiitwacho Os Lusíadas, maana yake Wana wa Luso, mtu wa hadithi ambaye Wareno walijinasibisha naye. Utenzi huo una sehemu kumi na beti 1,102. Kila ubeti una mistari minane, na kila mstari una mizani kumi kwa hesabu ya Kireno. Vina viwili hupokezana katika mistari sita ya kwanza, na mistari miwili ya mwisho ina kina chake. Kisa chake ni safari ya Vasco da Gama, aliyeondoka Lisbon Julai 1497 akafika Calicut katika Bara Hindi Mei 1498. Lakini kusudi la mtungaji ni kubwa kuliko safari. Ataka kuonyesha jinsi taifa dogo lililo ukingoni mwa Ulaya lilivyopata dola ng'ambo ya bahari kwa merikebu na mizinga, na ya kuwa dola hiyo lilistahili kuipata.

Sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ya utenzi yasimuliwa katika maji ya Afrika ya Mashariki. Jambo hili si pambo la njiani. Miji miwili ya pwani hiyo imepewa kazi mbili ambazo bila ya hizo dai la haki lisingesimama: Mombasa imewekwa iwe na hatia, na Malindi imewekwa isikilize.

Hatia ya Mombasa yaanza katika sehemu ya pili. Bacchus, mungu wa mvinyo wa Warumi wa kale, ajigeuza kuhani wa Kikristo mjini humo na kupamba madhabahu ya uongo, ili wajumbe wa Wareno wadanganyike na merikebu ziingie bandarini ziangamizwe. Venus na binti za bahari wazizuia merikebu kwa vifua vyao. Waislamu waliomo chomboni na rubani wao wajitupa majini kwa hofu. Sanaa ya beti hizi ni ya juu, na mwendo wake ni mwepesi kama wa chombo chenye tanga jema. Lakini kuna jambo lililoachwa. Katika kitabu cha safari kilichoandikwa na mmoja wa wasafiri wenyewe, imeelezwa wazi kwamba da Gama alipokuwa Mombasa Aprili 1498 aliwatesa Waislamu wawili kwa mafuta yaliyochemka, ili waungame njama. Ungamo la namna hiyo ni ushahidi dhaifu. Camões ameyaondoa mafuta akaibakiza njama.

Sababu ya kuibakiza yaonekana katika sehemu ya kumi. Humo mna utabiri wa vita vya makapteni waliomfuata da Gama, na miongoni mwao Francisco de Almeida, aliyeipiga Kilwa Julai 1505 na kuiteketeza Mombasa Agosti mwaka huo. Mtungaji akiri uzuri wa nyumba za Mombasa, kisha asema kuwa moto ule ni malipo ya maovu yaliyopita. Habari ya Kilwa imepewa sura hiyo hiyo: mtawala mwovu afukuzwa, na mfalme mwaminifu awekwa mahali pake. Basi sehemu ya pili na sehemu ya kumi ni kama shtaka na hukumu. Na katika kesi hii mshtaki ndiye mwamuzi, naye pia ndiye aliyechukua mali.

Malindi imetendewa kinyume cha hayo. Mfalme wake aja juu ya maji kwa heshima, akaomba kusikia habari za Ureno, na da Gama azisimulia tangu sehemu ya tatu mpaka ya tano: vita vya wafalme wa kwanza, ushindi wa Aljubarrota wa mwaka 1385, kutwaliwa kwa Ceuta mwaka 1415, na mateso ya Rasi ya Tumaini Jema. Hapa ndipo akili ya mtungaji yaonekana zaidi. Sifa ya mtu mbele ya ndugu zake ni majivuno. Sifa ikubaliwayo na mgeni yawa ushahidi. Kwa hiyo mfalme wa Malindi apewa sikio, wala hapewi historia ya mji wake. Utenzi hausemi kwamba ushindani wa Malindi na Mombasa ulikuwa wa kale, wala kwamba ukarimu ule ulikuwa pia siasa ya mji mdogo uliotafuta msaada dhidi ya jirani mwenye nguvu. Hata rubani aliyewavusha Wareno mpaka Calicut apata beti chache tu, ijapokuwa elimu yake ya bahari na pepo ndiyo iliyoikamilisha safari. Urafiki huo haukuidumisha Malindi: baada ya Wareno kuanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, makao yao yalihamia huko na Malindi ikafifia.

Yafaa pia kuangalia lugha. Katika sehemu ya tano, watu wa mto ulio karibu na Quelimane wasemwa kuwa wazungumza Kiarabu kibaya, ambacho mkalimani Fernão Martins akielewa vema. Lugha yao wenyewe haikutajwa, wala Kiswahili hakikutajwa mahali popote katika utenzi. Na Camões hakuwa mtu aliyeandika kwa kusikia tu, kwani alikaa Kisiwa cha Msumbiji katika ufukara kabla ya kurudi Lisbon mwaka 1570.

Hata hivyo haingekuwa haki kuuita utenzi huu tarumbeta tupu. Mwishoni mwa sehemu ya nne, merikebu zikiwa tayari kung'oa nanga, mzee mmoja asimama ufukoni na kulaani tamaa ya ukubwa, ambayo watu huiita ushujaa. Onyo hilo halikujibiwa na yeyote. Msomaji wa Al-Inkishafi atalitambua mara moja, kwa kuwa Sayyid Abdallah aliyatazama majumba ya Pate yaliyoanguka kwa jicho kama hilo. Tofauti ni kwamba mtungaji wa Pate alisema baada ya anguko, na mzee wa Lisbon asema kabla yake. Lakini mzee huyo hapingi vita vyote: ashauri adui wa karibu, wa Moroko, apigwe kwanza. Camões mwenyewe, mwishoni mwa kitabu, amhimiza Mfalme Sebastião kwa vita hivyo hivyo. Mfalme alikwenda, akafa vitani huko Moroko Agosti 1578, na mwaka 1580 Ureno ikaingia chini ya mfalme wa Uhispania kwa miaka 60.

Mhakiki wa Kiswahili yampasa kupima kwa kipimo kimoja. Tenzi za Waswahili nazo zina desturi ya kumtia adui hatiani kabla ya vita. Utenzi wa Tambuka, wa mwaka 1728, wasimulia vita vikubwa na Herkal wa Rumi, ilhali safari ya Tabuki yenyewe ilikwisha bila ya mapigano na jeshi lake. Kosa la mtungaji, kama ni kosa, ni la fani nzima. Lakini Tambuka haikuhalalisha moto uliounguza mji ambao wenyewe wangali hai. Os Lusíadas imefanya hivyo, na kwa ustadi mkubwa, na hiyo ndiyo sababu yastahili kufasiriwa kwa Kiswahili na kusomwa pwani: si kwa kutafuta humo historia ya Mombasa, bali kwa kujua jinsi taifa lipandalo linavyojitungia haki, na ni nani hulazimishwa kuwa shahidi wake.