Sigara Moja Haina Onyo

Nikiwa kidato cha pili, mgeni alikuja shuleni na projekta kutuonyesha pafu jeusi la mvutaji. Ukumbi mzima ulipiga kelele. Jioni hiyo, nyuma ya vyoo, watatu tulikuwa tunapokezana fegi moja huku tukiiga sauti yake. Usidhani hatukujua hatari. Tulijua, na kujua kulitufanya tujione majasiri.

Ndiyo maana matangazo mengi ya kupinga sigara hunichosha. Yanadhani kijana anakosa habari tu.

Hebu linganisha kampeni mbili za Marekani. Mwaka wa 1998 Philip Morris, wauza sigara wenyewe, walianza kuwaambia vijana kwenye runinga: fikiri, usivute. Ni kama mbwa mwitu kuwafundisha kondoo usalama barabarani. Mwaka wa 2000 ikaja kampeni ya truth, iliyolipiwa na pesa ambazo kampuni za sigara zilikubali kutoa baada ya kushtakiwa na majimbo. Katika tangazo lake moja, vijana wanafika nje ya jengo la kampuni ya sigara jijini New York na kurundika mifuko 1,200 ya kubebea maiti, idadi ya waliokuwa wakiuawa na tumbaku kila siku nchini humo. Mmoja anashika kipaza sauti na kuwauliza walio ndani.

Sikiliza nafsi zinazotumika. Tangazo la kwanza linasema "wewe, usi-". La pili linasema "sisi tunawauliza ninyi". Kijana hahubiriwi tena, yeye ndiye anayehoji, na anayetakiwa kujibu amejificha nyuma ya dirisha huko juu. Sigara iliuzwa miaka mingi kama uasi, na hapa uasi huo umeibwa na kugeuzwa dhidi yake. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2002 ulikuta kwamba waliotazama truth waliipinga tumbaku zaidi. Waliotazama matangazo ya Philip Morris ndio waliokuwa wepesi zaidi kufikiria kuvuta siku moja.

Sasa turudi mtaani. Tangu 2016 pakiti za Kenya zina picha za kutisha. Sawa, lakini ni kijana gani hununua pakiti? Unafika kibandani, unatoa sarafu, unapewa fegi moja, unawasha kwa kile kiberiti cha gesi kilichofungwa kwa uzi, unaenda zako. Picha inabaki kwa muuzaji. Sheria ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, lakini uzi bado unaning'inia. Mtu anayeonywa zaidi mtaani kwetu ni mwenye kibanda, na yeye hata havuti.

Kwa hivyo sitaki pafu lingine. Nataka tangazo linalosimama pale penye uzi na kuuliza ni nani anayenufaika mtoto wa miaka kumi na tano anapoweza kununua sigara kwa pesa za peremende. Liulize kwa Sheng, kwa hasira, likitaja kampuni kabla ya kumtaja mtoto.

Chuo niliacha kwa siku moja. Fegi bado. Mwenye kibanda haniulizi nataka nini, ananyoosha mkono tu.