Kisu cha Kukunja: Nguvu Inapita Wapi?

Mnunuzi akitaka kujua kama kisu cha kukunja kinafaa kazi ngumu, swali lake la kwanza huwa ni la chuma. Chuma gani hiki, kinashika kutu, makali yanakaa muda gani? Muuzaji naye hufurahi kujibu, maana aina ya chuma imechapwa ubavuni mwa bapa na bei inaifuata. Lakini kisu cha aina hii kinapogeuka kumjeruhi mwenyewe, bapa kwa kawaida huwa zima kabisa. Kilichoachia ni kiungo: pini yenye unene wa milimita chache inayoshikanisha bapa na mpini, pamoja na kile kipande kidogo kinachozuia bapa lisirudi kwenye vidole. Mafundi wamehangaika na kipande hicho, yaani loki, kwa zaidi ya miaka mia, na majibu yao hayalingani hata kidogo.

Tupige hesabu ya wenzo, ile ya darasani. Chukua kisu ambacho loki inalishika bapa milimita 8 tu kutoka katikati ya pini. Ncha inanasa kwenye ubao, milimita 80 kutoka pini hiyohiyo, nawe unasukuma kwa nguvu ya kilo 10. Pale kwenye loki zinafika kilo 100. Kilo 10 ni nguvu ya mkono mmoja bila kutoa jasho. Mtu akiegemea kwa mwili, zidisha mara mbili au tatu. Na uso unaopokea mzigo huo haufikii upana wa ukucha wa kidole cha mwisho.

Bahati ni kwamba nguvu haielekei huko kila mara. Unapokata kamba, katoni, gome au muhogo, makali yanatazama kazi, na kazi inalisukuma bapa lizidi kufunguka. Loki imelala, mzigo uko kwenye pini na kizuizi cha nyuma. Loki inaamshwa na mambo mengine: ncha kuchomwa kwenye kitu kigumu na mkono ukaponyoka, bapa kunasa kwenye mti ukalitikisa ili litoke, au mgongo wa kisu kugongwa. Kwa hiyo mtu anaweza kutumia kisu kisicho na loki maisha yake yote asikatike, na mwingine akakatika siku ya kwanza, kwa kisu kilekile. Visu vyekundu vya Victorinox, vilivyotokana na kile kisu cha maofisa kilichosajiliwa Uswisi mwaka 1897, vingi havina loki kwenye bapa. Vina springi inayokaza tu. Kwa kazi ya kukata vinatosha. Jeshi la Uswisi lenyewe, hata hivyo, kisu kipya lilichochagua mwaka 2008 ni kirefu zaidi, chenye bapa la kufunguliwa kwa mkono mmoja na loki yake.

Jibu ninalolipenda kuliko yote lilitoka Savoie, milimani Ufaransa, alikoanzia Joseph Opinel mwaka 1890. Kisu chake ni mpini wa mti, mpasuo mmoja wa msumeno, bapa na pini. Hakuna springi popote. Bapa linashikwa na msuguano wa mti peke yake. Mwaka 1955 Marcel Opinel akaongeza pete. Ukikishika kisu mkononi unaliona jambo lote bila kukifungua: shingoni mwa mpini kuna mkanda wa chuma usiosogea, na juu yake pete nyembamba yenye pengo. Pengo likikaa sambamba na mpasuo, bapa linapita. Zungusha pete kwa kidole gumba na ukingo wake unafunga mpasuo; bapa likitaka kujikunja linakuta njia imezibwa. Tangu mwaka 2000 pete hiyohiyo inalifunga bapa hata likiwa limekunjwa, lisifunguke mfukoni.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba nguvu ya kujikunja inaishia kwenye mkanda unaozunguka shingo nzima ya mpini, haiishii kwenye jino dogo. Pia loki haiwezi kushika nusu ukadhani imeshika, kwa sababu ni mkono wako ulioizungusha na jicho lako linaona pengo liko wapi. Kasoro zipo. Pete ikilegea inazunguka yenyewe kidogo kidogo, hasa ukishika kisu kwa kukisokota, na dawa yake ni kuibana kwa koleo. Mti ukilowa unavimba na bapa linagoma kutoka. Watu wa Savoie hugonga kitako cha mpini mezani na bapa likachungulia. Mvuvi hatakipenda kisu hiki. Fundi wa bustani atakipenda, na bei yake haimtishi mtu.

Jibu la pili lina uhusiano na huku kwetu. Kisu cha Okapi kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya soko la makoloni yake ya Afrika, mwaka mmoja tu baada ya wataalamu wa wanyama wa Ulaya kumtambulisha okapi wa misitu ya Ituri, Kongo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kinatengenezwa Afrika Kusini. Mpini ni wa mti wenye nakshi za mwezi na nyota. Bapa ni la chuma kinachoshika kutu ukikisahau. Mgongoni pana springi ndefu yenye tundu, na kitako cha bapa kina meno. Ukifungua, meno yanapita chini ya tundu moja baada ya jingine, ka-ka-ka, mpaka la mwisho linase. Kukikunja unaivuta springi juu kwa pete ndogo. Meno yale yana faida ambayo sijaiona ikisifiwa vya kutosha: loki ikiachia, bapa linaweza kunaswa na jino linalofuata kabla halijafika kwenye vidole. Nasema linaweza, kwa kuwa kila kitu kinategemea ile springi, na springi ya bei nafuu huchoka. Ikichoka, mlio unabaki uleule huku nguvu ya kushika imepungua, na mlio ndio unaomdanganya mtu.

Marekani walichukua njia nyingine. Buck 110, iliyotoka mwaka 1964, iliwalenga wawindaji waliochoka kubeba kisu kirefu kiunoni. Ina kipande kirefu cha chuma mgongoni kinachobembea juu ya pini yake. Mbele kina jino linaloingia kwenye pengo la bapa, nyuma kinasukumwa na springi. Kisu kina uzito wa gramu 200 hivi, shaba ncha zote mbili, na kwa mara ya kwanza watu wengi wakaanza kukiamini kisu cha kukunja kuchuna mnyama mzima. Lakini fuata njia ya nguvu: kutoka bapa, hadi jino, hadi kipande kile, hadi pini yake ndogo. Pini na tundu lake zikilika hata kidogo, bapa linaanza kucheza juu na chini. Na kuna adui mdogo zaidi: nyuzi za mfukoni, mchanga, mafuta ya nyama yaliyoganda. Vikijaa kwenye lile pengo, jino linakaa juu juu. Kisu kinaonekana kimefunga, kumbe kimeshikwa na ukingo tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Michael Walker, fundi Mmarekani, aliipa umbo la kisasa loki ya bamba: bamba jembamba la ndani ya mpini limekatwa na kupindwa, na bapa likifunguka, bamba linaruka ndani na kusimama nyuma ya kitako chake, kama gogo linaloegemezwa kuzuia mlango. Nguvu inalibana bamba kwa urefu wake, na chuma kikibanwa hivyo kinavumilia mengi, ila pale nyuso mbili zinapokutana lazima pawe na mteremko uliopimwa vizuri. Mteremko ukizidi, bamba linateleza na kuachia, ukipungua, linanata. Viwanda vya bei ya chini hukosea hapohapo, na ndiyo maana visu viwili vya umbo moja vinaweza kutofautiana kabisa. Chris Reeve, fundi wa Afrika Kusini aliyehamia Idaho, alilifanya bamba hilo kuwa ubavu wenyewe wa mpini katika kisu chake cha Sebenza, kwa titani nene. Huko vidole vinavyokaza mpini vinaisukuma loki ndani badala ya kuitoa. Hilo peke yake ni hatua kubwa.

Aliyekwenda mbali zaidi, kwa maoni yangu, ni Andrew Demko, kwa loki iliyotumika kwenye visu vya kampuni ya Cold Steel. Alichukua kipande cha mgongoni kilekile cha Buck, akaongeza pini moja nene kati ya kitako cha bapa na kipande hicho, na ncha za pini hiyo zimekaa ndani ya mabamba ya mpini. Kisha akafanya jambo linaloonekana kama uzembe: tundu ambalo kipande kinabembea juu yake akalirefusha kidogo, kikalegea. Ulegevu huo ndio siri. Bapa likisukumwa lijikunje, kipande kinasogea mbele kidogo mpaka kikutane na pini nene, na mzigo unahamia huko, kisha mpini mzima. Ile pini ndogo ya kubembea, iliyokuwa ikibeba kila kitu kwenye Buck, sasa haibebi karibu chochote. Nyuso zikilika, jino linashuka chini zaidi na kukaza tena. Bei ya uimara huo ni springi ngumu: wenye vidole dhaifu wanahangaika kukikunja kisu.

Bado hakuna loki kati ya hizi inayotibu nguvu ya ubavuni. Ukitumia bapa kufungulia kopo la rangi au kubandua ubao, unapindua pini ya kiungo na mabamba yake, sehemu ambayo haikubuniwa kwa kazi hiyo. Kisu kisichokunjwa kina chuma kinachoingia mpinini bila kukatika. Hakuna kiungo cha kupinduka. Kisu cha Mora cha Uswidi, cha bei ndogo na kisichokunjwa, kitavumilia kupasua kuni ambazo zingeharibu kisu cha kukunja cha bei mara kumi. Anayelazimika kupasulia kuni kisu cha kukunja na afungue loki kwanza, ashikilie mpini kwa kulegeza, mapigo yaishie kwenye mti na pini badala ya kuirarua loki. Vidole vikae mbali na njia ya bapa.

Cha ajabu, sheria ya Uingereza inaziamini loki kuliko wahandisi. Huko kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3 kinaruhusiwa kubebwa hadharani bila sababu ya pekee, ila kikiwa na loki kinahesabiwa sawa na kisu kisichokunjwa.

Dukani, basi, acha kusoma ubavu wa bapa. Fungua kisu taratibu, kwa mkono mvivu, kisha tazama loki imeingia kwa kina gani. Nyingi hushika vizuri zikifunguliwa kwa kishindo na kushika nusu zikifunguliwa polepole. Kaza mpini kwa nguvu zako zote, usokote kidogo, uone kama loki inasogea. Shika bapa kwa ubavu, ulitikise kushoto na kulia, halafu juu na chini. Mwisho, ukiwa umeondoa vidole vyote njiani, gonga mgongo wa bapa polepole kwenye kitabu kinene. Kikijikunja hapo, mrudishie muuzaji.