Alale Kwanza: Namna ya Kumpumzisha Samaki Mgonjwa

Mwenye mbwa asiye na tumaini la kupona anajua pa kupeleka shida yake. Atamwita daktari wa mifugo, naye atakuja na sindano. Mwenye samaki huachiwa ushauri wa majirani. Huyu atamwambia mtie kwenye friza, yule mmwage chooni uvute maji, mwingine mtoe nje ya maji umwache, atatulia mwenyewe. Njia hizi zote zimekataliwa waziwazi katika mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Mifugo cha Marekani kuhusu kuwaua wanyama bila mateso, na kwa samaki wa dhahabu ni mbaya kuliko kwa karibu samaki mwingine yeyote wa tangi. Sababu imo ndani ya mwili wake mwenyewe.

Mfano wangu ni samaki wa jirani yetu hapa mtaani kwetu Upanga, mama mtu mzima ambaye watoto wa jengo zima humwita Bibi. Samaki wa dhahabu akitunzwa vizuri huishi miaka 10 na kupita, na huyu alikuwa amekwisha kuwa mtu wa nyumbani. Tumbo lilivimba kwanza. Halafu magamba yakaanza kusimama, ukimtazama kutoka juu unaona nanasi.

Dalili hiyo inaeleweka ukijua samaki anavyoishi na maji. Mwili wa samaki wa maji yasiyo ya bahari una chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji humwingia bila kukoma kupitia matamvua na ngozi. Figo ndizo zinazoyatoa, usiku na mchana, kwa mkojo mwingi na mwepesi. Figo zikiharibika, maji yanaendelea kuingia na hayana pa kutokea. Yanajaa tumboni, yanajaa chini ya ngozi, yanasukuma magamba nje. Ndiyo maana magamba yakishasimama mwili mzima, nafasi ya kupona huwa ndogo sana: unachokiona nje ni matokeo ya kiungo ambacho tayari kimeshindwa ndani. Kwa samaki wa Bibi, daktari wa mifugo aliyeitwa alijaribu chumvi ya Epsom kuvuta maji, akajaribu antibiotiki iliyochanganywa na chakula. Samaki akaacha kula, na dawa ikakosa njia. Mwishoni alikuwa amelala ubavu chini ya tangi, wavu unapita karibu yake na yeye hakimbii.

Nalisisitiza hili la wavu kwa sababu watu wengi huharakisha. Samaki anayeelea kichwa chini hajafika mwisho. Mara nyingi amevimbiwa au kibofu chake cha hewa kimebanwa, na kumnyima chakula siku mbili tatu hutosha kumrudisha. Madoa meupe kama punje za chumvi ni vimelea vinavyotibika. Samaki anayepumulia juu ya maji huenda anaungua matamvua kwa amonia, na dawa yake ni kubadilisha sehemu ya maji leo na kesho. Kabla ya kuzungumzia kifo, pima maji. Asiyekula, asiyekimbia, asiyeweza kukaa wima, na matibabu yamekwisha kujaribiwa: huyo ndiye tunayemzungumzia hapa.

Lakini je, samaki anaumia? Mwaka 2003 Lynne Sneddon, Victoria Braithwaite na Michael Gentle, wakiwa Scotland, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya samaki aitwaye trauti. Walikuta kwenye uso na kichwa chake neva zinazoitikia joto kali, mgandamizo na asidi, za namna ile ile inayobeba maumivu kwa wanyama wengine. Trauti waliodungwa mdomoni sumu ya nyuki au asidi ya siki walipumua haraka, wakawa wanayumbayumba sakafuni mwa tangi, na wakakawia kurudi kwenye chakula. Waliodungwa asidi walikuwa wakisugua midomo yao kwenye kokoto. Katika jaribio jingine Sneddon aliwapa mofini, na dalili hizo zikapungua. Wapo wanaopinga: Brian Key wa Australia anashikilia kwamba pasipo gamba la ubongo kama la mamalia hapawezi kuwa na maumivu yanayohisiwa. Mimi nasimama upande wa kokoto. Aliyechukulia kuwa samaki anaumia, kisha ikaonekana haumii, atakuwa amepoteza nusu saa tu. Aliyekosea kwa upande wa pili amemtesa kiumbe aliyekuwa mikononi mwake.

Sasa turudi kwenye ule mwili wa samaki wa dhahabu. Ana ndugu wa karibu anayeishi katika mabwawa ya Ulaya Kaskazini, karapi wa jenasi ile ile ya Carassius. Majira ya baridi mabwawa hayo hufunikwa na barafu, na maji ya chini huishiwa oksijeni kabisa. Mnyama wa kawaida akikosa oksijeni, mwili wake hujaa asidi ya laktiki na hufa baada ya dakika chache. Karapi na samaki wa dhahabu wana njia ya pembeni: seli za misuli yao huigeuza asidi hiyo kuwa ethanoli, yaani pombe, ambayo hutoka mwilini kupitia matamvua. Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Oslo na Liverpool walieleza vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo. Karapi aliye chini ya barafu anaweza kuwa na zaidi ya miligramu 50 za pombe katika kila mililita 100 za damu, na akaishi hivyo kwa miezi.

Mweke samaki wa aina hiyo mezani, nje ya maji, umtarajie atulie. Anayo maumbile ya kuvumilia ukosefu wa hewa kuliko karibu viumbe wote wenye uti wa mgongo. Kummwaga chooni ni kumpeleka kwenye bomba lisilo na hewa, penye uchafu, akiwa hai, na hapo napo hatakufa upesi. Friza nayo haifai, kwa kuwa baridi ni makazi yake ya asili. Maji yakikaribia nyuzi 0 mwili wake hupunguza kasi na kuendelea kuishi, huku barafu ikianza kumshika kuanzia nje. Ni kweli kwamba maabara hutumia maji ya barafu ya nyuzi 2 hadi 4 kuwaua danio, wale samaki wadogo wenye milia. Hao ni wa nchi za joto, hawazidi sentimita 4 hivi, na hutiwa ghafla kwenye maji ambayo tayari ni baridi, hivyo hulegea mara moja. Mwongozo unaoruhusu njia hiyo kwa danio hauiruhusu kwa samaki mkubwa wala kwa aliyezoea baridi.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni huu: fahamu iondolewe kwanza, uhai ufuate. Hospitali za wanyama nje ya nchi hutumia dawa ya nusukaputi iitwayo trikeini, ambayo huyafanya maji kuwa na asidi na lazima itulizwe kwa bikaboneti ya soda kwanza. Nyumbani kwetu haipatikani kwa urahisi. Kinachopatikana ni mafuta ya karafuu, na hapo Pwani ya Afrika Mashariki haina sababu ya kumwonea mtu wivu. Pemba, ambako ndiko sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar hutoka, makonyo yanayobaki baada ya kuchambua karafuu hukamuliwa mafuta katika kiwanda cha Wawi. Kiini cha mafuta hayo ni yujenoli, ambayo kwa kawaida hufanya asilimia 70 hadi 90 yake. Ndiyo inayolitia jino ganzi ukiweka karafuu mdomoni: huzuia neva kupitisha ujumbe. Ikiingia kwenye damu ya samaki kupitia matamvua hufika ubongoni. Dozi ndogo humlaza, na dozi iliyozidishwa mara kumi husimamisha pumzi.

Kosa la kawaida ni mafuta yenyewe. Chupa nyingi za dukani zimechanganywa na mafuta ya nazi au alizeti kwa ajili ya kuchua mwili, na dozi yoyote utakayopima itakuwa ya uongo. Daktari aliijaribu chupa mbele yetu. Alidondosha tone kwenye glasi ya maji, akalizamisha kwa ncha ya kijiti. Likashuka hadi chini, likakaa pale kama ushanga. Mafuta safi ya karafuu ni mazito kuliko maji. Ya nazi yangepanda juu.

Alichota lita 4 za maji ya tangi lile lile, si ya bomba, ili joto lisibadilike na samaki asishtuke. Akayatia kwenye bakuli la kioo, maana yujenoli hulainisha baadhi ya plastiki. Kisha akavuta kwa bomba la sindano mililita 0.2 za mafuta, akayatia kwenye chupa ya jemu yenye maji ya uvuguvugu na kuitikisa kwa nguvu hadi maji yakawa meupe kama tui. Hatua hii haiepukiki, kwani mafuta yasiyotikiswa hukaa kwa mabaka, na samaki akipita kwenye baka humchoma matamvua. Hayo meupe akayamimina kidogo kidogo pembeni mwa bakuli, samaki akiwa tayari ndani.

Mjukuu wa Bibi alikuwa amesimama mlangoni. "Bibi, ataumia?"

"Muulize daktari, mwanangu."

"Atalala kwanza, mama," daktari akamwambia. "Akishalala hatasikia tena."

Mapezi yalipunguza mwendo kwanza. Kisha samaki akainama upande mmoja, akajaribu kujiweka sawa, akashindwa. Daktari alimminya mkiani, sehemu nyembamba kabla ya pezi, na hakujitikisa. Kipimo hicho ndicho kinachoruhusu hatua inayofuata. Saa ya ukutani haiwezi kuiruhusu, kwa sababu kila samaki hulala kwa wakati wake. Ndipo akatikisa chupa ya pili yenye mililita 1.8 na kuimimina yote, jumla mililita 2 katika lita 4, ambayo ni nusu mililita kwa kila lita. Vifuniko vya matamvua vikafunguka kwa nadra zaidi, vikatetema, vikasimama.

Hapa wengi humtoa samaki, na hapa ndipo wanapomkosea. Matamvua yaliyosimama si kifo. Moyo wa samaki hupiga muda mrefu baadaye, na samaki aliyerudishwa kwenye maji safi mapema anaweza kuamka. Mwongozo unataka aachwe ndani ya dawa dakika zisizopungua 10 baada ya pumzi ya mwisho. Daktari wetu alimwacha nusu saa. Kwa samaki anayevumilia ukosefu wa oksijeni kiasi kile, hata hiyo haitoshi kuwa hakikisho, kwa hiyo alimalizia kwa kisu kikali nyuma ya kichwa, kisha akaharibu ubongo kwa sindano nene. Kwa Waislamu wa pwani wazo hilo si geni: agizo la kunoa kisu ili mnyama asiteseke wanalijua tangu utotoni. Mjukuu alikuwa amekwisha kuondolewa chumbani. Asiyeweza kushika kisu anaweza kumfunga na kumtia friza, mradi ahakikishe samaki amekaa kwenye dawa muda wote huo na hana mwitiko wowote. Kwa aliyekwisha kupoteza fahamu friza inakubalika, kwa aliye macho kamwe.

Samaki wa Bibi alizikwa kwenye chungu kikubwa cha mlimau barazani, chini vya kutosha paka wasifukue. Samaki huyo hapewi paka wala haliwi na mtu, kwa kuwa mwili wake umejaa yujenoli, na paka hasa ini lake halimudu mafuta ya namna hiyo. Wala hatupwi mtoni au ziwani, akiwa hai au mfu, kwani vimelea vyake vitakwenda naye. Bakuli, wavu na sindano vilioshwa kwa sabuni mara kadhaa hadi harufu ikaisha, kisha daktari akapima amonia ya tangi, maana walikuwa wamebaki samaki wawili ndani yake, na akambadilishia Bibi robo ya maji kabla ya kuondoka.