Chaguo au Agizo? Istilahi ya Mstari wa Kwanza wa Faili la Amri

Neno "chaguo" limeenea katika tafsiri za programu za kompyuta, na mahali pengi halina kasoro. Mtumiaji akionyeshwa njia tatu katika orodha, hushika moja na kuziacha mbili. Hapo amechagua, na lugha imesema kweli. Ubaya huanza wafasiri wanapolipeleka neno hilohilo kwenye mstari wa kwanza wa faili la amri.

Mstari huo, ambao Dennis Ritchie aliuingiza katika mfumo wa Unix mwaka 1980, huanza kwa alama ya reli na alama ya mshangao, kisha hutaja mkalimani, yaani programu isomayo amri moja baada ya moja na kuzitekeleza papo hapo. (Neno "mkalimani" nalikubali: mfasiri hungoja maandishi yote, mkalimani hangoji.) Baada ya jina lake huweza kufuata herufi kama -e, inayomtaka asimame pindi amri inaposhindwa.

Tumchukue karani wa chama cha msingi cha ushirika huko Mpapura, mkoani Mtwara, atunzaye kumbukumbu za uzito wa korosho. Faili lake lina amri mbili: ingia katika folda ya mwaka juzi, futa vyote vilivyomo. Folda isipopatikana, -e huikomesha kazi. Lakini karani akiliendesha faili kwa kuandika "sh" na jina la faili, mstari wa kwanza huhesabiwa kuwa maelezo tu, kwa sababu umeanza kwa alama ya reli. Ile -e haisomwi. Amri ya kwanza hushindwa, ya pili huendelea, na kinachofutwa ni folda alimo karani mwenyewe, pengine pamoja na mizani ya msimu mzima.

Aliyefundishwa kwamba -e ni "chaguo" ataamini kuwa jambo limekwisha kuchaguliwa. Neno "agizo" lingemwonya mapema. Agizo lina mtoaji, mchukuzi na mpokeaji, na kila mtu aliyewahi kumtuma mkalimani kwa mzee asemaye Kimakonde tu anajua kuwa laweza kupotea njiani au kufika limeharibika. Linux, kwa mfano, huchukua yote yaliyofuata jina la mkalimani na kumkabidhi kama kipande kimoja: ukiandika -e -u kwa nafasi katikati, "sh" hukataa, ukiandika -eu, hufahamu.

Wapo watakaopendelea "sharti". Ni neno zuri, ila tunalihitaji kwa amri zianzazo na "ikiwa". Na "amri" yenyewe ina kazi yake.

Kwa walimu, nashauri agizo hili liandikwe ndani ya faili, katika mstari wake lenyewe, kwa maneno "set -e". Hapo mkalimani atalikuta, kwa njia yoyote atakayoitwa.