MKASI WA TAJIRI NA MKASI WA DOLA
Je, vipande vilivyokatwa virudishwe katika filamu za zamani?

Filamu haitengenezwi kwa kalamu na karatasi. Inatengenezwa kwa mitambo, kwa jasho la mamia ya watu na kwa fedha nyingi, na mara nyingi mwenye fedha ndiye mwenye mkasi. Kwa hiyo, vipande vya filamu ya zamani vinapopatikana tena baada ya miaka mingi, swali la kuvirudisha au kutovirudisha si la mafundi wa maabara peke yao. Ni swali la siasa. Nani alikata? Alikata kwa faida ya nani? Na anayerudisha leo, anamrudishia nani?

Swali hili lilizuka darasani baada ya wanafunzi wetu kuonyeshwa filamu ya Metropolis. Ndugu mmoja aliuliza kwa nini sehemu nyingine za picha zilikuwa safi na nyingine zilijaa michirizi kama mvua. Makala haya ni jibu kwake na kwa wote wanaojifunza kuitazama sanaa kwa jicho la uchambuzi.

HISTORIA YA MKASI

Metropolis ilitengenezwa Ujerumani na Fritz Lang kwa ajili ya kampuni ya Ufa, na mswada wake uliandikwa na mkewe, Thea von Harbou. Ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Berlin tarehe 10 Januari 1927, ikiwa na urefu wa mita 4,189. Inaeleza habari za mji wenye tabaka mbili: juu matajiri wanastarehe katika bustani, chini ya ardhi wafanyakazi wanaitumikia mitambo isiyolala.

Kampuni ya Paramount, iliyokuwa na haki ya kuionyesha Marekani, ilimpa mwandishi Channing Pollock kazi ya kuifupisha na kuipanga upya. Ufa nayo iliiondoa katika majumba ya sinema, na mwaka huohuo ikatoa nakala fupi. Karibu robo ya kazi ilitupwa. Wanafunzi waelewe kwamba uamuzi huo haukutokana na mjadala wa sanaa. Ulikuwa uamuzi wa soko.

Mwaka 2008, katika jumba la makumbusho ya sinema la Buenos Aires, Argentina, ilitambuliwa nakala ya milimita 16 iliyotokana na mkanda mrefu uliopelekwa nchini humo filamu ilipokuwa bado mpya. Tarehe 12 Februari 2010 filamu ilionyeshwa Berlin ikiwa imerudishiwa kiasi cha dakika 25.

MKASI ULIONDOA NINI?

Tuchukue mfano wa mfanyakazi namba 11811. Katika nakala fupi anabadilishana nguo na Freder, mtoto wa bwana mkubwa wa mji, kisha habari zake zinayeyuka. Katika vipande vilivyopatikana tunamwona ndani ya gari la tajiri, ana fedha mfukoni, taa za mji zinamwita, naye anaishia katika jumba la anasa la Yoshiwara. Hapa kuna somo zima la kisiasa. Mtu aliyeishi maisha yake yote kama namba anapewa siku moja ya kuvaa suti, na fikra za tabaka la juu zinamteka kabla ya saa kumi za zamu yake kwisha. Mkasi ulimwacha akiwa namba tu.

Mfano wa pili ni Mtu Mwembamba, mpelelezi wa bwana Fredersen. Katika nakala fupi anapita kama kivuli. Vipande vilivyorudishwa vinamwonyesha akifuatilia, akinunua siri na kutisha watu. Tunaelewa sasa kwamba utawala wa juu hausimami kwa mitambo peke yake. Unasimama pia kwa macho yaliyolipwa.

Mfano wa tatu ni Hel, marehemu mke wa Fredersen, ambaye pia alipendwa na mvumbuzi Rotwang. Wamarekani walimwondoa kabisa, na inaelezwa kwamba sababu mojawapo ni jina lake kufanana na neno la Kiingereza la jehanamu. Bila Hel, Rotwang anakuwa mchawi tu anayetengeneza mwanamke wa chuma bila sababu. Mkasi uliiacha mitambo ya ajabu ikapunguza binadamu. Uliacha matokeo ukaficha chanzo, na kuficha chanzo ndiyo kazi ya kila propaganda ya wanyonyaji.

Hata hivyo tusidanganyike. Kurudishiwa vipande hakukuisafisha itikadi ya filamu hii. Mwisho wake ni uleule: tajiri na mfanyakazi wanapeana mikono mbele ya kanisa, eti moyo ndio mpatanishi wa kichwa na mikono. Mitambo inabaki mali ya nani? Filamu haisemi. Thea von Harbou baadaye alijiunga na chama cha Nazi, na Lang mwenyewe hakuridhika na hitimisho hilo. Faida ya nakala kamili ni kwamba sasa tunakosoa kosa la filamu yenyewe. Hatukosoi tena kosa la mkasi.

MKASI WA DOLA

Ingekuwa rahisi kuishia hapa na kuulaumu ubepari. Lakini mkufunzi anayeishia hapo anawadanganya wanafunzi wake.

Meli ya Kivita Potemkin ya Sergei Eisenstein ilionyeshwa Moscow tarehe 21 Desemba 1925. Ilifunguliwa kwa maneno ya Trotsky kuhusu mapinduzi ya 1905. Filamu ilipouzwa Ujerumani, wakaguzi wa huko waliikata kwa kuogopa mfano wa askari wanaoasi. Lakini maneno ya Trotsky yaliondolewa nyumbani kwao, baada ya yeye kuanguka, na mahali pake yakawekwa maneno ya Lenin. Yalirudishwa katika nakala iliyotengenezwa Ujerumani na kuonyeshwa Berlin mwaka 2005.

Wapo watakaosema kwamba maneno ya Lenin ni bora zaidi. Huenda. Lakini si hoja. Anayefuta jina la mtu katika kumbukumbu hamshindi kwa hoja. Anakiri kwamba anaogopa kujadiliana naye. Chama kinachowafundisha watu wake kujikosoa hakiwezi kuogopa mstari mmoja wa maandishi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

HOJA ZA WAPINZANI

Wanaopinga urudishaji wana hoja ya maana: si kila kilichokatwa kilidhulumiwa. Fundi mwenyewe hukata ili kazi yake isimame. Apocalypse Now ya Francis Ford Coppola ilitoka mwaka 1979. Mwaka 2001 mwenyewe aliirudishia dakika 49, pamoja na sehemu ndefu ya walowezi wa Kifaransa katika shamba lao. Mwaka 2019 akapunguza tena. Nakiri kwamba mimi, kama mkufunzi wa siasa, naipenda sehemu ya walowezi kwa sababu inataja ukoloni waziwazi. Lakini kupenda kwangu si kipimo. Nikikubali kirudishwe kile tu kinachonifurahisha, nami nimeshika mkasi.

MSIMAMO

Kutokana na uchambuzi huu napendekeza mambo matatu.

Kwanza, kilichokatwa na mwenye mali au na dola kinyume cha fundi kirudishwe, hata kama hakitupendezi. Kilichokatwa na fundi kwa hiari yake kihifadhiwe na kionyeshwe kando.

Pili, kovu lionekane. Nakala ya Buenos Aires ilikuwa imepoteza sehemu ya pembeni ya picha, na warudishaji waliiacha nafasi hiyo nyeusi. Ugomvi wa Rotwang na Fredersen, ambao haukupatikana, ulielezwa kwa maandishi. Haukubuniwa upya. Huo ndio uaminifu.

Tatu, nakala fupi nazo zitunzwe, maana ni ushahidi dhidi ya waliokata.

Ndugu aliyeuliza kuhusu michirizi ajue sasa kwamba hiyo si ubovu wa mtambo wetu. Ni alama ya mahali mkasi ulipopita. Kazi ya kada ni kuiona alama hiyo, na kuuliza mkono uliokuwa umeshika mkasi ulikuwa wa nani, hata pale inapowezekana kwamba ulikuwa mkono wetu wenyewe.