Mpira wa Maji Juu ya Jabali

Mpira wa kupimia usawa ni wa plastiki angavu, maji yamo ndani na mapovu yameshatolewa. Kijana aliyehitimu ubunifu majengo Chuo Kikuu Ardhi ameshika ncha ya juu kwenye jabali la Isamilo, Mwanza. Fundi mwashi ameshika ya chini, karibu na mchirizi. "Panda kidogo... hapo hapo!" Penseli inaweka alama kwenye jiwe. Kwa kiwanja kimoja tu, mteremko unapita urefu wa mtu mzima. Bosi wa kijana, mbunifu aliyesajiliwa, amesimama pembeni kimya. Vipimo hivyo anavyo tayari. Amemleta avione kwa miguu yake.

Safari ya kusajiliwa kama bosi huyo ni ndefu. Baada ya shahada, na wengine huongeza uzamili, mhitimu hufanya kazi chini ya mkongwe, kisha hufanya mtihani wa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Tanzania ilitunga sheria ya usajili huo mwaka 1997. Mtaani watu huuliza: miaka yote hiyo ya nini, wakati ramani ya kunakili inaingia WhatsApp jioni hiyohiyo?

Jibu ni Mwanza yenyewe. Mji huu umekaa juu ya mawe. Mafundi huwasha moto juu ya jabali mpaka lipasuke, ndipo nyundo zianze. Mabatini na Igogo nyumba zimepandana mlimani, paa la huyu likilingana na mlango wa yule, na nyingi hazijawahi kuchorewa ramani. Tasnifu nzuri za uzamili zimelala pale, zikisubiri mtu wa kupanda ngazi. Ramani ya kunakili haijui mvua ya mlimani inashukia wapi kuelekea Mto Mirongo, wala haikumbuki ziwa lilivyopanda mwaka 2020 likaingia kwenye majengo ya ufukweni.

Waliotangulia waliangalia kwanza. Kule Bujora, Kisesa, Padri David Clement kutoka Kanada alilipa kanisa umbo la duara la nyumba ya Kisukuma. Beda Amuli, anayetajwa kuwa mbunifu majengo wa kwanza Mwafrika Afrika Mashariki, alisomea Haifa, Israeli, lakini Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975 alilifunika kwa miavuli ya zege: kivuli kwanza, kama mchuuzi yeyote angeomba.

Siku hizi wapo wahitimu wanaomaliza mafunzo bila viatu kushika vumbi, na wapo wakubwa wao wanaogonga mhuri kwenye michoro ya viwanja wasivyovikanyaga. Mwenye nyumba hulipa mara mbili: kwanza mhuri, halafu, masika ikishapita, fundi wa kujenga upya ukuta uliosukumwa na udongo.