Lazima unenepe kwanza ndipo ujazie?

Mwaka wa pili wa digrii ya kwanza, boom lilipoingia nililipeleka karibu lote tumboni. Kocha wa jimu niliyokuwa nafanyia mazoezi alinipa mpango ambao wengi wenu mnaujua: miezi sita ya kujaza, unakula kila kinachopita mbele yako, halafu miezi mitatu ya kukata, unajinyima mpaka mafuta yaondoke na misuli ionekane. Chipsi mayai asubuhi, wali nyama mchana, chapati nne usiku, na kopo la unga wa kuongeza uzito lililokula hela ya kodi. Nilipanda kutoka kilo 64 hadi 75. Kukata kulipoisha nilikuwa na 66. Miezi tisa, kilo mbili, na hata hizo siwezi kuapa kwamba ni misuli.

Ushauri huu una chembe ya ukweli, na ndiyo inayoubeba. Mwili unahitaji nishati na malighafi ili kujenga misuli, na mwenye njaa anajenga kwa shida. Tatizo ni kiasi. Karibu robo tatu ya misuli ni maji, na inakua polepole hata kwa anayejituma. Ukizidisha kalori 1,000 kila siku, kwa mwezi ni 30,000. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kama 7,700. Misuli haina pa kuweka chakula chote hicho. Mafuta yana pa kukiweka, tena bila kulalamika.

Mwaka 2013 Ina Garthe na wenzake wa Norway walichapisha jaribio la wanamichezo 39 wa kiwango cha juu. Wote walinyanyua vyuma kwa wiki 8 hadi 12. Kundi moja lilisimamiwa lile zaidi, takribani kalori 600 kwa siku kuliko wenzao, na lingine lilikula linavyojisikia. Walioshindiliwa waliongeza mafuta kwa asilimia 15, wenzao asilimia 3. Na mwili usio mafuta? Kilo 1.7 dhidi ya 1.2, tofauti ambayo kitakwimu haikusimama. Mtetezi wa kujaza atasema nusu kilo ni nusu kilo. Sawa, lakini kipimo hicho huhesabu pia maji na wanga uliohifadhiwa mwilini, na anayekula sana hubeba vingi vya hivyo.

Eric Helms na wenzake walirudia swali hilo mwaka 2023 kwa watu waliozoea vyuma. Waliomaliza walikuwa 17 tu, kwa hiyo tusipige vigelegele, ila mwelekeo ni uleule: uzito ukipanda haraka, kinachoongezeka wazi ni mafuta ya chini ya ngozi.

Mimi naona kosa kubwa liko kwenye nusu ya pili ya mpango, ambayo watu hawaihesabu. Murphy na Koehler walipojumlisha majaribio mengi mwaka 2022, walikuta upungufu wa kalori kama 500 kwa siku unatosha kuzima ongezeko la misuli, ingawa nguvu huendelea kupanda. Yaani miezi yangu mitatu ya kukata haikuwa hatua ya kujenga. Ilikuwa kulipa deni la chipsi.

Kuna jaribio linaloonekana kupingana na hilo, na ndilo linalonivutia zaidi. Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, 2016: vijana 40 wa kiume wenye uzito uliozidi walipunguziwa nishati kwa asilimia 40 kwa wiki nne, huku wakifanyishwa mazoezi makali siku sita kwa wiki. Waliopewa gramu 2.4 za protini kwa kila kilo ya uzito walipoteza kilo 4.8 za mafuta na kuongeza kilo 1.2 za mwili usio mafuta, kwa wakati mmoja. Waliopewa nusu ya protini hiyo walipoteza 3.5 na hawakuongeza kitu cha maana. Kumbe nishati ya kujengea inaweza kutoka kiunoni mwako mwenyewe. Lakini angalia ni akina nani: walikuwa na akiba, na mazoezi ya namna ile yalikuwa mageni kwao. Mwembamba mwenye miaka mitano kwenye vyuma asijidanganye.

Anayepanda jukwaani kushindana ana tarehe, na hali ile ya kukauka haishikiki mwaka mzima, kwa hiyo awamu zake zina mantiki. Mwembamba sana anahitaji kuongeza chakula, ila kidogo, akiangalia mizani. Mwenye kitambi anayeanza leo hana cha kujaza, keshajaza. Protini ikifika kama gramu 1.6 kwa kilo ya uzito kwa siku, kwa uchambuzi wa Morton na wenzake wa majaribio 49 (2018), kwa wastani kuzidisha hakuongezi faida. Kwangu mimi wa kilo 64 ni gramu 102 hivi: dagaa, maharage, mayai, maziwa. Kopo halikuwa na kazi.

Mwaka jana nilimpelekea kocha wangu namba za Norway. Alizisoma mpaka mwisho, akasema, "Hao wanakula samaki na maziwa kila siku, dogo. Niletee mwanafunzi anayekula mara moja." Hapo alinibana, maana kwa huyo "kula zaidi" ni ushauri sahihi kabisa. Nikamuuliza mbona mimi niliyekuwa nakula mara tatu alinipa mpango huohuo. Akacheka, akarudi kumhesabia mteja wake.